Unga unaobaki kwenye kinu cha espreso: tone la maji, mvukuto, kumwaga, au kubadili kinu?

Nikiwa mtoto nilikuwa natumwa mashineni na ndoo ya mtama. Mama alikuwa na sharti moja: nikikuta aliyenitangulia amesaga mahindi, nimwombe mwenye mashine aiache izunguke mpaka itoe yote, la sivyo uji wetu ungekuwa na mahindi ya jirani. Wenye mashine walilijua hilo. Waligonga bomba kwa kipande cha mti, vumbi jeupe likashuka, ndipo wakamimina mtama wetu.

Kinu kidogo cha kahawa kilichopo mezani jikoni kina tabia ileile. Unapima gramu 18 za punje, unasaga, unapima unga, unakuta gramu 16 na nusu. Kilichobaki kimekwama katikati ya meno, kwenye kuta za chemba na kwenye mdomo wa kutolea. Kitalala humo usiku kucha kikipoteza harufu, mafuta yake yakianza kuharibika, kisha asubuhi kitashuka pamoja na unga mpya na kuingia kwenye kikombe cha kwanza cha siku. Kwenye kahawa ya birika, iliyochemshwa na tangawizi, pengine usingetambua. Espreso haifichi. Ni unga wa gramu 18 na kinywaji cha gramu 36 hivi, kinachotoka kwa sekunde 25 mpaka 30. Ukiweka humo gramu moja na nusu ya unga wa jana, uliosagwa kwa kipimo cha ulaini cha jana, mtiririko unabadilika na ladha inabadilika.

Njia za kupunguza mabaki haya zipo nyingi, lakini kwa mtu wa nyumbani zinarudi kwenye nne: kulowesha punje kwa tone la maji, kufunga mvukuto juu ya kinu, kumwaga unga wa kwanza, au kununua kinu kingine. Nimeishi na zote nne, na kila moja niliiona nzuri mahali fulani na ya kusumbua mahali pengine.

Kabla ya kuchagua, pima

Watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni unga unaokosekana: umeingiza 18, zimetoka 16 na nusu. La pili ni unga unaobadilishana: umeingiza 18, zimetoka 18, lakini ndani ya hizo 18 mna gramu mbili za jana, na gramu mbili za leo zimechukua nafasi yake kule ndani. Hili la pili ndilo linalodanganya. Kinu ambacho hakijasafishwa kwa mwezi mzima mara nyingi kitakupa uzito sawasawa na ulioingiza, kwa sababu kila pembe yake imeshajaa. Mizani inasema salama, ulimi unasema vingine.

Ili kuyaona yote mawili, fungua kinu ukisafishe kwa brashi mpaka kiwe kitupu. Saga gramu 18 na upime zilizotoka. Rudia mara tatu au nne bila kusafisha tena. Mara ya kwanza utaona upungufu mkubwa, kisha utapungua mpaka unaoingia na unaotoka ulingane. Jumla ya vilivyopungua ndiyo ujazo wa pembe za kinu chako. Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Changu cha kwanza, cha umeme na chenye tangi kubwa juu, kilimeza gramu mbili na nusu mara ya kwanza na nusu gramu mara ya pili, kikatulia. Nilikuwa nimekinywea kwa miezi minane nikidhani kasoro iko kwenye kahawa.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji mizani. Saga kahawa iliyokaangwa sana, nyeusi, kisha bila kusafisha saga iliyokaangwa kidogo, ya rangi ya mdalasini. Tandaza unga wa pili juu ya karatasi nyeupe na uone vidoa vyeusi vilivyomo. Hivyo ndivyo vinavyobadilishana.

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: inapunguza nini hasa kati ya upungufu (unga unaokosekana) na mchanganyiko (unga wa jana unaobadilishana na wa leo), inagharimu kiasi gani, pesa na kahawa, inaongeza kazi gani asubuhi, inahatarisha nini, na inamfaa nani.

1. Tone la maji

Hii ndiyo njia inayobeba jina la David Ross, kwa Kiingereza Ross Droplet Technique. Unapima punje kwenye kikombe, unazipulizia maji mara moja kwa chupa ndogo ya kunyunyizia, au unachovya ncha ya kijiko kwenye maji na kuzikorogea. Kisha unasaga papo hapo.

*Inachopunguza.* Adui wake ni umeme tuli, uleule unaofanya sweta litoe cheche unapolivua gizani. Punje zinapovunjika na kusuguana, unga hupata chaji, ukarukia kuta za kinu na kung'ang'ania. Mwaka 2023 jarida la Matter lilichapisha utafiti wa kundi la Christopher Hendon, mkemia wa Chuo Kikuu cha Oregon, akiwemo Joshua Méndez Harper, ambaye kazi yake ya kawaida ni kuchunguza umeme wa majivu ya volkano. Walikuta kwamba kahawa kavu zaidi na iliyokaangwa zaidi hupata chaji kubwa, kwamba kusaga laini kunaiongeza, na kwamba maji kidogo kabla ya kusaga huipunguza sana. Mabonge pia hupungua. Kwa hiyo upungufu unashughulikiwa vizuri. Mchanganyiko unashughulikiwa kwa sehemu tu: unga ulioganda kwenye pembe kwa sababu pembe ipo, si kwa sababu ya chaji, maji hayautoi.

Ila hapa mahali unapoishi pana neno. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hewa yenyewe ina unyevu mwingi na chaji hupotea yenyewe. Nilipokuwa Dar, kunyunyizia kulinipa tofauti ndogo mno. Nilipohamia Arusha, katika miezi mikavu, unga ulikuwa ukiruka kutoka mdomoni mwa kinu na kuganda kwenye ukingo wa kikombe kama siafu, na tone moja lilimaliza yote. Mtu aliye Dodoma au Nairobi kipindi cha ukame, aliye Muscat au Dubai ndani ya kiyoyozi mchana kutwa, au aliye Kanada wakati wa baridi nyumba ikiwa imepashwa moto, ataona faida kubwa zaidi.

*Gharama.* Chupa ya kunyunyizia tu. Hakuna kahawa inayopotea.

*Kazi ya asubuhi.* Sekunde kumi. Lakini lazima uwe unapima punje kila mara. Huwezi kunyunyizia tangi lililojaa kahawa ya siku tano.

*Hatari.* Meno ya chuma hayapendi maji. Nyunyizia punje ndani ya kikombe, kamwe si kinu. Mpulizo mmoja au miwili kwa gramu 18 ndiyo mwisho. Ukizidisha, unga laini unageuka tope kwenye kuta na mabaki yanaongezeka badala ya kupungua. Soma pia kitabu cha kinu chako kuhusu dhamana. Jambo la mwisho ambalo wengi hawaambiwi: unga usio na chaji hulala kwa kushikamana zaidi kwenye kichujio, maji ya mashine yanapita polepole, na kikombe kinatoka kizito zaidi. Itabidi usogeze kipimo kidogo kuelekea chembe kubwa zaidi. Usishangae, na usirudi nyuma kwa sababu hiyo.

*Inamfaa* anayepima kila kikombe, anayeishi kwenye hewa kavu, na anayependa kahawa iliyokaangwa sana.

2. Mvukuto

Mhunzi anaujua mvukuto, na huu wa kahawa ni mdogo wake: kifuniko cha mpira kinachokunjamana, kinachokaa mahali pa tangi la juu. Unasaga, na punje zinapokaribia kwisha unaubonyeza mara tatu au nne huku kinu kikizunguka. Hewa inapita katikati ya meno, kwenye chemba, na kutoka mdomoni na unga.

*Inachopunguza.* Upungufu, kwa kiasi kikubwa, mahali popote, pakavu au penye unyevu. Mchanganyiko pia, kuliko tone la maji, kwa sababu hewa inafika kwenye pembe. Hata hivyo inategemea umbo la kinu. Kile chenye meno yaliyolala na mdomo wa kutolea uliokwenda ubavuni kina kona moja kubwa, na hewa huchagua njia rahisi ikaiacha kona na uchafu wake. Ukipiga hewa kwa nguvu siku moja tu baada ya wiki ya kuisahau, unga wa wiki nzima unashuka wote kwa mkupuo kwenye kikombe chako. Mvukuto ni wa kila mara au usiwepo.

*Gharama.* Kwa vinu vinavyofahamika sana huuzwa mivukuto iliyokatwa kwa kipenyo cha kila kinu, kwa bei ndogo ukilinganisha na kinu chenyewe. Vinu vingine, kama kile kiitwacho DF64, huja nao. Kwa kinu kisichojulikana sana utatafuta fundi wa kuchapa plastiki akutengenezee pete ya kuushikilia mvukuto. Usinunue kabla ya kupima kipenyo cha shingo ya kinu kwa rula. Mpira unaolegea unavujisha hewa pembeni na haufanyi kazi.

*Kazi ya asubuhi.* Kubonyeza si kazi. Kazi ni ile nyingine: umeondoa tangi, kwa hiyo unapima punje kila mara kama kwa njia ya maji. Tena punje chache bila uzito wa nyingine juu yake hurukaruka kama bisi, zinasagwa kwa ukubwa usiolingana na kwa wastani chembe zinakuwa kubwa zaidi. Ukitoka kwenye tangi lililojaa kuja kwenye kupima, kaza kipimo kidogo.

*Hatari.* Wishwa, yale maganda mepesi ya punje, hurushwa mezani. Hiyo ni kero tu. Hatari ya kweli ni kwamba vinu vingi vina swichi ya usalama inayozuia mota isiwake tangi likiwa limetolewa, na baadhi ya watu huifunga kwa kijiti ili mvukuto ukae. Nyumba yenye watoto, usifanye hivyo. Meno yanazunguka na shimo liko wazi kwa kidole.

*Inamfaa* mwenye kinu cha umeme anachokipenda na asichotaka kukiuza, chenye njia ya unga iliyonyooka au iliyoinama kwenda chini.

3. Kumwaga unga wa kwanza

Hii ndiyo ya mwenye mashine ya mtama. Kabla ya kikombe cha kwanza cha siku, au baada ya kubadili kipimo au kahawa, saga gramu mbili au tatu na uziweke kando. Ndipo usage za kunywa. Wahudumu wa migahawa hufanya hivi wakifungua asubuhi.

*Inachopunguza.* Haipunguzi upungufu hata kidogo. Pembe zinabaki zimejaa. Inachofanya ni kuhakikisha zimejaa unga mpya. Kwa mchanganyiko, hakuna njia ya bei ndogo inayoishinda, mradi unamwaga zaidi kidogo ya kile ulichokipima kuwa ujazo wa pembe. Kinu kinachobakiza gramu tatu hakisafishiki kwa kumwaga moja.

*Gharama.* Hapa ndipo penye uzito. Gramu mbili kila siku ni gramu 60 kwa mwezi, karibu robo ya pakiti ya gramu 250. Kwa mwaka ni gramu 730, pakiti tatu nzima zikikaribia. Chukua bei ya pakiti unayonunua, zidisha, na uone kama kwa miaka miwili hujalipa mvukuto mara kadhaa. Mimi ninaponunua kahawa kwa mkulima wa Kilimanjaro ninayemjua sura, aliyeichuma punje nyekundu moja moja, kuimwaga kunaniuma kuliko pesa. Kwa hiyo siimwagi. Ina kopo lake. Jumapili inaingia kwenye birika na tangawizi na hiliki, na kwa kuwa imesagwa laini inafaa kabisa. Asiyetaka kunywa anaweza kuiweka kwenye kisahani ndani ya friji ifukuze harufu ya samaki.

*Kazi ya asubuhi.* Ndogo kuliko zote. Tangi linabaki limejaa, unabonyeza kitufe mara mbili.

*Hatari.* Kwa kinu, hakuna. Kwa kahawa, tangi lililojaa kwenye joto la pwani linachakaza punje zenyewe kabla hazijasagwa. Weka za siku mbili, si za wiki.

*Inamfaa* anayekunywa kahawa moja wiki nzima bila kubadili kipimo, na familia inayotoa vikombe vinne mfululizo asubuhi, maana hasara ya gramu mbili inagawanywa kwa wanne.

4. Kubadili kinu

Vipo vinu vilivyochorwa tangu mwanzo kwa ajili ya kupima kila kikombe. Niche Zero ya Uingereza ina meno yenye umbo la pia ya milimita 63 na unga unashuka karibu wima. DF64 ina meno bapa ya milimita 64, mwili wake umeinamishwa ili unga usipate pa kulala. Upande wa mkono kuna Comandante ya Ujerumani, 1Zpresso ya Taiwan, na Timemore ya China. Hivi vya mkono vinanyooka kama bomba: punje juu, meno katikati, kikombe chini.

*Inachopunguza.* Vyote viwili, upungufu na mchanganyiko, kuliko njia nyingine yoyote. Kinu kizuri cha mkono, ukikigonga kidogo kwa kiganja mwishoni, kinabakiza vumbi tu. Vya umeme vya aina hii navyo hubakiza kidogo, lakini wengi wa wenye navyo bado hutumia tone la maji au mvukuto.

*Gharama.* Ya umeme ni pesa nyingi, na kwetu huongezeka usafiri na ushuru. Ya mkono ni nafuu zaidi kwa ubora uleule wa meno, kwa sababu hulipii mota. Ndugu akitaka kukuletea ya umeme kutoka Marekani, mwambie aangalie kibandiko cha chini kwanza: za kule ni volti 120, zetu ni 230 au 240, na ukiichomeka bila transfoma umeiunguza. Ya mkono haina shida hiyo.

*Kazi ya asubuhi.* Ya umeme, ni kupima tu. Ya mkono, ni dakika moja mpaka mbili za kuzungusha, na kahawa ya Nyeri au Kirinyaga iliyokaangwa kidogo ni ngumu kama kokoto. Kwa kikombe kimoja napenda. Wageni wakiwa watano, bega linasema. Chagua pia kile ambacho hatua zake za kipimo ni ndogo za kutosha kwa espreso. Vingi vya mkono vilitengenezwa kwa kahawa ya kuchuja, na kati ya alama moja na nyingine mashine inaziba au inamwaga.

*Hatari.* Kubwa ni kununua kabla ya kupima. Nimeona mtu akibadili kinu kilichokuwa kinabakiza nusu gramu.

*Inamfaa* anayebadili kahawa mara kwa mara, leo ya Mbinga kesho ya Bugisu, na asiyetaka kufikiria unga wa jana tena.

Usafi ni wa wote

Hakuna kati ya njia hizi inayoondoa brashi. Kila baada ya wiki mbili au tatu, chomoa waya, weka alama ya kipimo kwa utepe, fungua meno ya juu, piga mswaki mkavu, vuta vumbi kwa mashine ya kufyonza kama unayo. Maji yasiguse. Ushauri wa kusaga mchele mkavu ili usafishe, achana nao: mchele mbichi ni mgumu, unaisumbua mota, na unaacha vumbi la wanga ndani. Vipo vidonge vya nafaka vilivyotengenezwa kwa kazi hii.

Kulingana na hali yako

Kama kinu chako, ulipokipima, kinabakiza chini ya nusu gramu, usinunue chochote. Piga brashi, na siku ukibadili kahawa mwaga gramu moja.

Kama uko pwani, una kinu cha tangi, na mnakunywa watu kadhaa kahawa ileile, kumwaga kunatosha. Fungua kopo la Jumapili.

Kama uko kwenye hewa kavu na unaona unga ukirukia kila kitu, anza na tone la maji wiki hii, maana halina gharama. Likitatua upungufu lakini kikombe cha kwanza bado kina ladha ya jana, ongeza mvukuto. Viwili hivi vinakaa pamoja vizuri.

Kama unakunywa kikombe kimoja kwa siku, bajeti ni ndogo, na bado hujanunua kinu, nenda moja kwa moja kwenye cha mkono chenye hatua ndogo za kipimo. Unakwepa tatizo kabla hujalilea.

Na kama ndani ya nyumba kuna anayekunywa kahawa isiyo na kafeini kwa sababu ya ujauzito, moyo au usingizi, hapo mchanganyiko si suala la ladha. Wala mvukuto wala kumwaga hakukupi uhakika, kwa sababu kila njia inaacha kiasi. Mnunulie mtu huyo kinu kidogo cha mkono kiwe chake peke yake, ukiandike jina, na kahawa nyingine isiingie humo.